Mtoano, foleni au jedwali: namna ya kupanga mbio za vigari vya mfereji bila mtu kuondoka amenuna

Ukiwa na watu saba, njia nne na vigari vinne, ugomvi umeshabisha hodi. Kabla hata kigari hakijaondoka, mmoja atasema njia ya ndani ni fupi, mwingine atasema kile chekundu kina mota nzuri, na wa tatu atalalamika kwamba kila akipangwa anapangwa pamoja na fundi wa kundi. Wote watatu wana haki. Ndiyo maana wanaotaka kuanzisha mbio hizi, hapa Mtwara na kwa jirani zetu wa Lindi, nikimaliza kuwaambia habari za vifaa narudi palepale: utawapangaje watu?

Kwa asiyevijua, hivi ni vigari vidogo vya umeme vinavyokimbia kwenye uwanja wenye mifereji. Chini ya pua ya kila kigari kuna ulimi unaoingia mferejini, na kandokando ya mfereji kuna reli mbili nyembamba za chuma au utepe wa shaba unaopeleka umeme. Dereva hana usukani. Ana kontrola ya waya mkononi, anabonyeza kuongeza moto na kuachia kupunguza. Akizidisha kwenye kona, kigari kinaruka nje na mtu lazima akiokote. Scalextric ya Mwingereza Fred Francis ilitoka mwaka 1957, Carrera ya Ujerumani ikafuata mwaka 1963, na mpaka leo seti nyingi za nyumbani ni za kipimo cha 1/32, yaani kigari cha sentimita 14 hivi. Ukipata fundi seremala mzuri, mifereji inachongwa hata kwenye MDF, mbao mbili za futi nane kwa nne zikiunganishwa, na uwanja ukakaa barazani.

Ninalinganisha hapa mipango minne: mtoano, foleni, jedwali, na timu zinazotumia madereva wa pamoja. Lakini kwanza tuangalie kinachofanya mpango uhitajike.

Njia hazilingani

Umbali kati ya mfereji mmoja na wa pili kwenye seti nyingi ni kama sentimita 8 hadi 10. Chukua 8. Kwenye uwanja wa umbo la yai, kila njia inaizidi ile iliyo ndani yake kwa 2 × 3.14 × 8, yaani sentimita 50 kila mzunguko, na hesabu hiyo haibadiliki hata uwanja ukiwa mrefu namna gani. Njia ya nne basi inaizidi ya kwanza kwa mita moja na nusu. Kwa mizunguko 40 hiyo ni mita 60, na kwenye uwanja wa mita kumi na kitu, dereva wa nje amekimbia sawa na mizunguko mitano ya bure.

Hapo mtu anadhani dawa ni kugombea njia ya ndani. Sivyo. Kona ya ndani ndiyo kali kuliko zote, kigari kinapinda kwa ghafla na kuruka kwa urahisi, wakati wa nje anapita kona pana akiwa bado na moto. Kuna viwanja ambavyo njia ya pili ndiyo tamu, na vingine ya tatu. Ukiunda uwanja wa umbo la nane wenye daraja, kupinda kulia kunafuta kupinda kushoto na urefu wa njia zote unalingana, ila ukali wa kona moja moja unabaki palepale. Kwa hiyo hakuna njia ya haki. Haki inapatikana pale tu kila dereva anapopita njia zote, kwa muda uleule.

Vigari navyo havilingani. Viwili vilivyotoka boksi moja siku moja vinaweza kupishana mota, matairi, hata nguvu ya sumaku ya chini inayokigandamiza kigari kwenye reli za chuma. (Wenye utepe wa shaba wasihangaike na sumaku hiyo: shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo kigari kitashikiliwa na uzito wake na matairi yake tu.) Hapa kuna uchaguzi wa kwanza: kila mtu aje na chake, au vigari viwe vya kundi?

Kila mtu na chake ni raha kwa mafundi, maana unashindana pia kwa kusaga matairi, kusafisha gia na kupanga uzito. Lakini kwa mji wetu ni dhuluma iliyovaa suti. Vipuri haviko dukani. Mwenye mjomba anayekuja kutoka Dar atakuwa na matairi mapya, na asiye naye atakimbia na yaliyokwisha. Kwa kuanzia mimi nasimama na vigari vya kundi, tena vinavyobaki kwenye njia zake: chekundu ni cha njia nyekundu usiku kucha, watu ndio wanaohama. Ukifanya hivyo, njia na kigari vinakuwa tatizo moja badala ya mawili, na kila mtu anakutana nalo mara moja. Hata wakubwa walifikiria hivyohivyo: mashindano ya IROC ya Marekani yalianza mwaka 1973 kwa kuwapa madereva mashuhuri 12 magari ya Porsche yanayofanana, ili ionekane nani anajua kuendesha. Mark Donohue ndiye aliyeshinda.

Kitu cha tatu ni umeme, na huku kwetu hiki si cha kukipita haraka. Ukitumia adapta moja ndogo kwa njia zote nne, kigari kimoja kikiruka, vitatu vilivyobaki vinapata moto wa ziada kwa ghafla, na mmoja wao anaruka kwenye kona inayofuata bila kosa lake. Tumia adapta moja kwa kila njia, zote za aina moja, au tumia betri ya gari ya volti 12 kwa uwanja mzima. Betri ina faida mbili: haiyumbi vigari vinne vikivuta pamoja, na umeme ukikatika mbio zinaendelea, mnawasha taa za sola tu. Pima volti zake kwa mita kabla ya kuanza. Iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Weka fyuzi kwenye kila njia, maana betri ya gari ikipigwa shoti inayeyusha waya, na barazani kuna watoto. Halafu futa reli kwa kitambaa kikavu kila jioni. Hewa ya bahari ya Shangani haina huruma na shaba wala chuma.

Mtoano: mzuri kwa sikukuu, mbaya kwa haki

Mtoano kila mtu anauelewa bila maelezo. Watu nane, raundi mbili za watu wannewanne, wawili wa juu wa kila raundi wanaingia fainali. Raundi tatu, kazi imekwisha. Siku ya Iddi uwanja ukiwa umezungukwa na watu, huna muda wa kufafanua majedwali, na watazamaji wanataka kuona mtu anatoka.

Ubaya wake unaujua tayari: nusu ya watu wameendesha dakika tatu kwenye njia moja, tena si waliyoichagua. Kuna kiraka. Gawanya kila raundi ya mtoano vipande vinne vya dakika moja, na kila kipande watu wanahama njia moja. Muda unaongezeka kidogo na malalamiko yanapungua nusu.

Lakini kuna shida nyingine ambayo wengi hawaioni mpaka iwakute. Waliotolewa wanaondoka. Wanakwenda kununua mishikaki, wanakwenda kuangalia mpira, na fainali ikifika hakuna wa kuokota vigari. Mbio hizi hazimalizwi na madereva peke yao. Uwanja wa njia nne unahitaji waokotaji wawili au watatu wamesimama kwenye kona, macho kwenye mifereji, na mwokotaji bora ni yule anayejua kwamba zamu yake ya kuendesha bado inakuja. Mpango unaowafukuza watu unajinyima waokotaji.

Foleni: rahisi, ila angalia nani kasimama karibu nawe

Foleni ndiyo inayotumika zaidi kwa sababu haihitaji karatasi. Watu wamejipanga, wa kwanza anaingia njia ya kwanza, raundi ikiisha anasogea njia nyingine na nyuma yake anaingia mwingine, mpaka amalize zote nne, atoke. Wenye uzoefu hawasogei 1-2-3-4. Wanakwenda 1-3-4-2, yaani unatoka kwa njia za witiri na kurudi kwa za shufwa, ili mtu asilazimike kuruka ghafla kutoka ncha ya nje kabisa hadi ya ndani kabisa. Mwisho wa siku kila mtu amepita kila njia mara moja. Kwa upande wa njia, foleni ni haki tupu.

Inapokosea ni kwenye watu. Kwa watu saba na njia nne, anayesimama jirani yako kwenye foleni utakimbia naye raundi tatu kati ya nne zako. Aliye nafasi mbili kutoka kwako, mara mbili. Aliye nafasi tatu, mara moja tu. Wakiwa nane ni mbaya zaidi: aliye nafasi nne kutoka kwako hamkutani kabisa. Jirani yangu ana binti wa miaka kumi na moja, mkono wake mwepesi kwenye kontrola kuliko wa wanaume wengi, na yeye ndiye aliyelisema hili kabla ya sisi wakubwa kulihesabu. Alikuwa amesimama kona ya daraja anaokota, akaacha kuokota, akanigeukia.

"Mjomba, mbona mimi kila siku na kaka?"

Kaka yake ndiye anayekimbia kuliko wote, na kwa kuwa wanakuja pamoja wanasimama pamoja kwenye foleni. Akikimbia naye anajikuta anamfukuza, anazidisha, anaruka. Akiwa mbali naye anaendesha kwa utulivu na anapata mizunguko mingi. Hilo si kulalamika, ni kweli ya mchezo: uliyepangwa naye anabadilisha uendeshaji wako.

Kuna jambo lingine dogo. Kwenye foleni, wa kwanza anamaliza raundi zake zote nne mapema, betri ikiwa imejaa lakini uwanja bado una vumbi. Wa mwisho anakimbia betri ikiwa imechoka na mpira wa matairi umeshashika kwenye njia. Huwezi kujua nani kapunjwa, unajua tu kwamba hawakukimbia siku moja.

Jedwali: raundi zilezile, watu wamechanganywa

Jedwali linatatua shida ya binti bila kuongeza hata dakika. Wape watu saba namba 1 hadi 7, kwa kura. Njia ni nyekundu, kijani, bluu na njano, kwa mpangilio huo:

Raundi ya 1: 1, 4, 6, 7
Raundi ya 2: 2, 5, 7, 1
Raundi ya 3: 3, 6, 1, 2
Raundi ya 4: 4, 7, 2, 3
Raundi ya 5: 5, 1, 3, 4
Raundi ya 6: 6, 2, 4, 5
Raundi ya 7: 7, 3, 5, 6

Shuka na safu yoyote uone: kila namba ipo mara moja, kwa hiyo kila mtu kapita kila njia. Sasa chagua watu wawili wowote na uhesabu wamekutana mara ngapi. Ni mara mbili, wawe kina nani. Binti na kaka yake mara mbili, binti na mimi mara mbili. Kila raundi kuna watatu waliopumzika, na hao ndio waokotaji. Raundi saba za dakika tatu ni dakika 21, ukiweka dakika mbili za kubadilishana katikati unamaliza kwa nusu saa na ushee.

Siri yake ni mstari wa kwanza tu. Mingine yote ni kuongeza moja, na ukivuka namba ya mwisho unarudi 1. Kwa hiyo huhitaji kukariri majedwali, unahitaji mstari wa kuanzia kwa kila idadi ya watu. Kwa sita anza na 1, 2, 3, 5: kila mtu atakutana na mwenzake mara mbili au tatu, usawa kamili hauwezekani. Kwa nane anza na 1, 2, 3, 6: mtakutana mara moja au mbili, na hakuna atakayekosa kumwona mwenzake kama ilivyo kwenye foleni. Kwa 13 anza na 1, 2, 4, 10, na hapo kuna utamu: raundi 13, kila mtu raundi nne, na kila wawili wanakutana mara moja, si zaidi wala pungufu. Ukijaaliwa watu 13 msiongeze wa 14.

Watano ni rahisi mno, kila raundi mmoja anapumzika, na kila wawili wanakutana mara tatu. Ila mwokotaji ni mmoja, naye atachoka. Kwa watano afadhali muazime watoto wa mtaani waokote, nao muwape raundi zao mwishoni.

Mwenye seti ya njia mbili, kama zilivyo seti nyingi za boksi, asihangaike na haya. Kila wawili wanakutana mara moja, na katikati wanabadilishana njia kama timu za mpira zinavyobadilishana magoli mapumzikoni. Watu sita ni mechi 15. Kila nusu ikiwa dakika moja, nusu saa ya kukimbia imetosha.

Udhaifu wa jedwali ni kwamba linahitaji mtu mmoja mwenye karatasi na sauti. Asipoita namba mapema, watu wanazubaa, wanakaa njia isiyo yao, na raundi moja ikikosewa hesabu yote inapinda. Liandike kwa maandishi makubwa ulibandike ukutani. Mtu akiliona mwenyewe habishani na msimamizi.

Timu na madereva wa pamoja

Huu ndio mpango unaofurahisha zaidi na kuchanganya zaidi. Kuna namna mbili za kuufanya, na hazifanani hata kidogo.

Namna ya kwanza ni timu za wawiliwawili. Watu nane, timu nne, kila timu ina kigari chake na inazunguka njia zote nne, wenzi wakipokezana. Ni nzuri kwa kundi lenye wazee na watoto, maana mtoto anawekwa na mzoefu na anajifunza. Shida inakuja mkiwa saba. Timu moja ina mtu mmoja. Mkimwacha aendeshe zamu zote mbili, mmempa mazoezi ambayo wengine hawana. Uwanja unazoeleka haraka. Afadhali aazimwe dereva, na azimo lizunguke: raundi hii anatoka timu ya kijani, ijayo ya bluu, na siku zote awe yule ambaye mwenzake ndiye anayeendesha wakati huo. Mtu atauliza, je, huyo wa kuazimwa atajituma kwa timu ya wapinzani wake? Atajituma ukiandika daftari mbili, ya timu na ya mtu. Mizunguko yake inaiingia timu aliyoisaidia, lakini inaingia pia kwenye jina lake. Bila daftari la pili, utaona vigari vikitembea mwendo wa harusi.

Namna ya pili ni kufuta umiliki kabisa. Timu ni kigari, na madereva ni wa wote. Kila dereva anaendesha kila kigari mara moja na kila njia mara moja, na kila kigari kinapita kila njia. Kwa wanne inawezekana kwa raundi nne tu. Madereva ni 1 hadi 4, vigari ni A hadi D, njia ni zilezile kwa mpangilio uleule:

Raundi ya 1: 1A, 2B, 3C, 4D
Raundi ya 2: 2C, 1D, 4A, 3B
Raundi ya 3: 3D, 4C, 1B, 2A
Raundi ya 4: 4B, 3A, 2D, 1C

Mkiwa nane, gawanyeni makundi mawili, kila kundi lifuate jedwali hilo, mkipokezana raundi kwa raundi. Kundi lililopumzika linaokota. Mwishoni unajumlisha mara mbili: kigari gani kimepata mizunguko mingi, na dereva gani. Mara nyingi majibu hayo mawili yanamaliza ubishi wa miezi, kwa sababu mtu aliyekuwa akidai kigari B ni kibovu anaona wenzake saba wamekipeleka vizuri.

Gharama yake ni muda. Vigari vinahama njia kila raundi, na kila vikihama vinafutwa nyuzi za chini zinazopokea umeme wa reli na kukaguliwa ulimi. Weka dakika nne za kubadilishana badala ya mbili. Na usijaribu jambo hili kwa sita kwa sita. Mwanahisabati Euler aliandika mwaka 1782 kwamba haliwezekani kwa sita, na Mfaransa Gaston Tarry akalithibitisha mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kupitia mipangilio yote kwa mkono. Ukimwona rafiki yako usiku na kalamu anatafuta jedwali la njia sita, vigari sita na madereva sita, mwambie akalale.

Mizunguko au pointi?

Mpango wowote utakaouchagua, unabaki kuamua mshindi anapatikanaje. Pointi, yaani 4 kwa wa kwanza, 3, 2, 1, zinapendwa kwa sababu zinasikika kama mashindano. Lakini fikiria: wewe umepangwa na wakali watatu, umemaliza wa tatu kwa mizunguko 38, unapata pointi 2. Raundi inayofuata mtu kashinda kwa mizunguko 35 na kapata 4. Kwenye foleni, ambako watu hawakutani kwa usawa, pointi ni uonevu mtupu. Kwenye jedwali la saba au la 13, ambako kila mtu kakutana na kila mtu sawasawa, pointi zinakubalika.

Mimi nahesabu mizunguko yote ya njia zote nne, pamoja na kipande. Uwanja unagawanywa sehemu kumi kwa alama za rangi pembeni; muda ukiisha umeme unakatwa, kigari kinahesabiwa pale kiliposimama. Mizunguko 38 na sehemu 7. Sare zinakuwa chache sana, na zikitokea atazamwe nani alipata zaidi kwenye njia iliyomshinda kila mtu.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi. Njia nne zinataka wahesabu wanne, na kwenye jedwali la saba waliopumzika ni watatu tu nao wanaokota. Kompyuta yenye programu na vitambuzi ni nzuri kama ipo. Isipokuwepo, mpelekee fundi redio kikokotoo cha bei ya chini kwa kila njia, aunganishe kitufe cha usawa (=) na swichi ya sumaku iliyofichwa chini ya uwanja. Andika 1 jumlisha 1, halafu kila kigari kikipita na sumaku yake, namba inapanda. Jaribu kwanza dukani, maana si kila kikokotoo kinarudia kujumlisha ukibonyeza usawa mara nyingi. Mpaka hapo bado utataka jicho la mtu, kwa sababu kigari kilichoruka kikarushwa mbele ya swichi kinaweza kujipa mzunguko.

Kuna ubishi mwingine, kigari kikiruka umeme ukatwe kwa wote au wengine waendelee? Waokotaji wakiwa watoto, kata: mkono wa mtoto na vigari vitatu vinavyokuja kasi si jambo la kubahatisha. Waokotaji wakiwa wakubwa, acha waendelee, kwa sababu kukata kunampa aliyekosea mapumziko ya bure na kuvunja mwendo wa aliyekuwa anaendesha vizuri. Kata tu kigari kikiangukia njia ya mwingine au sakafuni.

Na dijiti je?

Wanaotaka kuepuka habari za njia zote hizi hununua seti ya dijiti. Kila kigari kina chipu, dereva anahama njia kwa kubonyeza kitufe, na mpaka vigari sita vinakimbia kwenye mifereji miwili. Ugomvi wa njia unakwisha, wa kuzibiana unaanza, na kigari kikiharibika chipu unasubiri mzigo kutoka nje. Kwa familia yenye watoto watatu ni nzuri. Kwa kundi la mtaani lenye betri ya gari na fundi seremala, sioni sababu.

Ikitokea mtu kaondoka katikati, na msimu wa minada ya korosho simu itamwita mtu tu, usilipange jedwali upya. Njia yake inabaki tupu kila namba yake ikitajwa, na aliyechelewa kufika hapewi namba hiyo, anaokota mpaka jedwali liishe. Raundi alizokwisha kukimbia zinabaki kwenye daftari kwa walioshindana naye, lakini yeye mwenyewe hapangwi kwenye matokeo, hata kama aliondoka akiongoza.